Tupeane uzoefu: kufundisha "tempt" bila mwanafunzi kuichanganya na "attempt"

Walimu wenzangu wa Kigoma na Tabora, tukusanye hapa makosa ya kitenzi cha Kiingereza "tempt" (kushawishi, kutia tamaa) yanayojirudia kwenye insha, chanzo chake na namna ya kuyasahihisha. Wekeni sentensi kamili tafadhali.

Mwl_Ujiji
Linaloongoza ni "He tempted to escape". Mwanafunzi anawaza "alijaribu kutoroka". Asili ya "tempt" na "attempt" ni moja, Kilatini temptare, yaani kupima au kujaribu. Hata kwetu maana hizo zinapakana: Wakatoliki husali "usitutie katika kishawishi", Biblia ya Union Version inasema "usitutie majaribuni". Kiingereza cha leo kimeyatenganisha. Wapeni kipimo hiki: baada ya "tempt" lazima atajwe anayeshawishiwa, "The money tempted him to escape". Kama hayupo na sentensi si ya kutendwa, alitaka kuandika "attempted" (alijaribu).

Nzega_Kwetu
Asante Mwalimu. Mimi naongeza tatizo la "shawishi" lenyewe, maana kwetu ni pana mno. "I tempted my father to pay the fees" haina kosa la sarufi, ila mzee anaonekana kaingizwa kwenye jambo baya! Hapo ni "persuaded". "Tempt" hubeba kitu kinachotamanisha, na mara nyingi mtu ana sababu ya kujizuia. Kuna matumizi mepesi pia: mwenyeji akisema "Can I tempt you with more fish?" anakukaribisha tu kwa upole.

Mwl_Ujiji
Na kwenye ufahamu wanapoteza alama hapa: "I was tempted to open the letter". Je, aliifungua? Wengi wanajibu ndiyo. Sentensi inasema tamaa ilimjia, basi. Tena mara nyingi inadokeza kwamba alijizuia. Ila "She was tempted into opening it" maana yake aliifungua. Fundisheni jozi hiyo pamoja, ubaoni, moja juu ya nyingine.

Mwalo_Kibirizi
Wakuu, msiiache "lure" (kuvuta kwa chambo). Watoto wa huku ziwani wanaielewa haraka kwa mfano wa taa za dagaa. Usiku wa giza taa huvuta viumbe vidogo vya majini, dagaa hufuata chakula, migebuka hufuata dagaa. "The lamps lure the fish towards the net." Anayevutwa husogea, kwa hiyo "lure" hupenda kufuatwa na mahali au mwelekeo: into, towards, away from. "Lured him to steal" haikai vizuri. Andika "lured him into stealing". "Entice" (kurubuni) inakubali zote mbili, "enticed him to steal" na "into stealing".

Sikonge_Mjini
Kwa ufupi: chakula ni "tempting", mwenye njaa ndiye "tempted". Kwenye kutamka, p ya "tempt" husikika kidogo sana au haisikiki kabisa, na "tempted" ina silabi mbili.