Sebule inayotazama Ngong: kioo cha rangi, tinti, vioo viwili au veranda?

Utawala_Mjengo

Wadau, salaam. Nina ploti ya futi 50 kwa 100 huku Utawala, mashariki mwa Nairobi. Msingi haujachimbwa, kwa hivyo bado kila kitu kinaweza kubadilishwa kwa kalamu. Ramani niliyochorewa imeweka sebule upande wa magharibi ili tuone milima ya Ngong. Dirisha lake ni kioo kitupu, upana mita nne, kutoka kimo cha goti hadi kwenye linta, ile boriti ya juu ya dirisha. Bibi yangu ameipenda kufa.

Wasiwasi wangu ni jua la jioni. Jirani ana sebule ya namna hiyohiyo. Ukimtembelea Februari saa kumi, mapazia yamefungwa, taa inawaka, feni inazunguka. Sasa hiyo Ngong anaitazama saa ngapi?

Nimeshauriwa mambo manne. Fundi wa kwanza: weka kioo cha kahawia. Wa pili: weka kioo kisicho na rangi, kisha bandika tinti ya kung'aa, ile karatasi ya kuzuia jua. Mchoraji wa ramani: vioo viwili viwili vyenye nafasi katikati, kama vya Ulaya. Mjomba: achana na vioo, jenga veranda. Pesa iko ya jambo moja, si manne. Nyumba ni ya chini, kuta za mawe, paa la mabati. Nyinyi mngefanya nini?

FundiVioo

Boss, riziki yangu ni alumini na vioo, kwa hivyo nikikuambia usinunue kitu ujue nimefikiria.

Kioo cha kawaida cha milimita 6 kinapitisha takriban asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga. Cha kahawia kinapunguza, lakini sehemu kubwa hakiirudishi nje, kinaimeza. Kiguse saa kumi na moja jioni utaelewa. Kikishapata moto kinaanza kukupasha wewe uliyekaa ndani, tena nyumba inakuwa na giza mwaka mzima, hata Julai wakati unautamani kila mwale. Wateja wengi hukichagua kwa sura ya nje. Hiyo ni haki yao, ila wasikiite dawa ya joto.

Tinti ya kung'aa inakishinda kwa sababu inalirudisha jua nje kabla halijawa joto. Lakini usiku ukiwasha taa mambo yanageuka: wewe huoni nje, na aliye nje anakuona ukila ugali wako. Na mtu asikubandikie tinti juu ya kioo ambacho tayari kina rangi kabla hajauliza mtengenezaji kama inafaa. Katikati ya kioo panachemka, pembeni kumefichwa ndani ya fremu kumebaki baridi, na kioo kinaweza kupasuka bila kuguswa na mtu.

Vioo viwili vinazuia joto lisivuke kutoka hewa ya upande mmoja kwenda upande wa pili. Kule Ulaya nje kuna barafu na ndani nyuzi 20. Utawala tofauti hiyo iko wapi? Miale yenyewe inapita kwenye vioo viwili visivyo na rangi karibu kama inavyopita kwenye kimoja. Ukiniambia unavitaka kwa sababu ya kelele za ndege na za barabara ya Eastern Bypass, hapo sitakukataza.

Mchora_Ramani

Kuhusu vioo FundiVioo amemaliza. Mimi naomba tuanze na jua lenyewe, kwa sababu ushauri mwingi wa intaneti umeandikwa na watu wa nchi za kaskazini ambao jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Wanakuambia elekeza madirisha kusini, panda mti unaopukutisha majani, na kadhalika. Hapa kwetu hesabu ni nyingine.

Nairobi iko nyuzi 1.3 hivi kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi Septemba, kisha linahamia kusini hadi Machi tena. Linapohama, linatupita utosini. Hata Juni, linapokuwa mbali kabisa kaskazini, adhuhuri liko nyuzi 25 tu kutoka utosini. Desemba, upande wa kusini, ni kama nyuzi 22.

Kwa hivyo ukuta wa kaskazini au wa kusini unalindwa na upenu mfupi tu. Dirisha la kimo cha mita 1.2 likiwa na upenu wa sentimita 60 juu yake, limekingwa. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, upenu huo unafanya kazi karibu siku nzima, si adhuhuri peke yake.

Magharibi upenu haukusaidii. Saa kumi na nusu jioni jua limeshuka, liko nyuzi 32 hivi juu ya upeo wa macho. Dirisha lilelile la mita 1.2 sasa linataka kivuli kinachotokeza karibu mita 2. Lako nakisia lina kimo cha mita 1.6, basi tunazungumza mita 2.5, na ikifika saa kumi na moja na nusu hata hizo hazitoshi.

Jua la asubuhi nalo linaingia chinichini vivyo hivyo, lakini linaikuta nyumba ina baridi ya usiku. La jioni linakuta mawe na hewa vimeshapata moto tangu mchana. Nguvu ni ileile, maumivu si sawa.

Ningekuwa wewe ningegeuza ramani. Stoo, choo na ukuta usio na madirisha mengi viende magharibi. Sebule itazame kaskazini au kusini. Kwa kuwa hujachimba msingi, hiyo haikugharimu zaidi ya karatasi. Ukikataa hilo, veranda ni ya pili. Tinti ni ya tatu. Kioo cha kahawia na vioo viwili kwangu havimo.

Utawala_Mjengo

Nimeelewa, lakini kugeuza ramani nyumbani kwangu ni kesi. Sebule ikitazama kaskazini, nitakuwa natazama ukuta wa jirani wa mawe, na bibi ameshawaonyesha dada zake picha ya dirisha.

Mwenda_Bypass

Subirini kidogo. Utawala hii hii? Ploti ya magharibi yako ikijengwa ghorofa sita za kupangisha, hiyo Ngong utaitazama kwenye kalenda. Uzuri ni kwamba jua la jioni nalo litakuwa limekwisha, bila tinti wala veranda.

Mama_wa_SouthB

Mwenda_Bypass unacheka lakini ni kweli, na ndiyo maana nisingetumia pesa nyingi kwa ajili ya dirisha la mandhari kwenye ploti ya 50 kwa 100.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nikija Nairobi jambo linalonishangaza ni imani yenu kwa mapazia. Pazia zito ndani ya kioo ni kufunga boma wakati mbuzi ameshaingia shambani. Jua limeshapita kwenye kioo, limelipasha pazia, na joto hilo halirudi nje. Pwani nyumba za zamani zina shata za mbao upande wa nje. Kivuli kikae nje ya kioo, hata kama ni hafifu.

Kwa mwenye pesa kidogo, au mpangaji: blaindi za mianzi, zile za kukunja kwa kamba, zitundikwe nje chini ya upenu au kwenye balkoni. Zinashushwa saa tisa, zinapandishwa jua likizama, na katikati ya vijiti bado unauona mlima. Zifungwe chini, maana upepo wa Januari utazibeba mpaka kwa jirani. Hazidumu miaka mingi. Zikichakaa unanunua nyingine, na zote hizo hazifikii bei ya kioo chako cha mita nne.

Mpangaji_Juu_Kabisa

Mnagombana kuhusu dirisha na mmesahau paa. Nakaa ghorofa ya juu Umoja, juu yangu ni slabu tupu yenye matangi na kamba za nguo. Dirisha langu linatazama mashariki, jua la jioni silijui, na bado Machi saa mbili usiku dari ukiinyooshea mkono unahisi joto. Jirani wa ghorofa ya pili, nyumba ileile, analala na blanketi.

Kama jua linapita utosini kama alivyosema Mchora_Ramani, basi paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote. Mwenye uzi atueleze mabati yake yatakuwa ya rangi gani. Siku hizi kila mtu anataka rangi ya makaa.

Utawala_Mjengo

Ya makaa. Usinicheke.

Mchora_Ramani

Mpangaji amegusa penyewe, na ningepaswa kuanzia hapo. Kwa nyumba ya chini, paa ni eneo kubwa kuliko madirisha yote ukijumlisha, na kuanzia asubuhi hadi jioni halina kivuli. Rangi ya makaa inameza jua. Rangi hafifu, kijivu cha majivu au krimu, inalirudisha. Bei ya bati haibadiliki sana kwa sababu ya rangi, kwa hivyo hapo unapata nafuu bila kutoa chochote.

Halafu weka dari, na kati ya dari na bati acha hewa ipite: matundu yenye wavu chini ya upenu, na pa kutokea juu kwenye kipeo cha paa. Ukiziba kila mahali, joto linakaa humo na kushuka polepole usiku. Karatasi ya alumini ya kutandazwa chini ya bati nayo husaidia, mradi upande unaong'aa uwe na nafasi ya hewa mbele yake. Ikibanwa kati ya bati na ubao haifanyi kazi yake.

Mzee_wa_Dagoretti

Vijana, mmeandika kana kwamba tunaishi Garissa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Tunaumia kwa joto kuanzia Januari hadi Machi, lakini Juni hadi Agosti mawingu yanatufunika na watu wanaingiza jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, jambo linaloua. Nyumba mnayoichora leo kwa hasira ya Februari mtailalia Julai.

Kwa hivyo: madirisha ya mashariki msiyawekee tinti wala mti mkubwa. Jua la asubuhi la Julai, siku likijitokeza, ni la bure. Na hii ndiyo sababu mimi namuunga mkono mjomba wa mwenye swali. Kioo cha rangi ukishakiweka kinakunyima mwanga miezi kumi na miwili. Veranda inakupa pa kukaa: unakaa nje jua linapokuwa tamu, na ndani kunabaki baridi siku za joto.

Mkitaka mfano wa nyumba iliyotaka Ngong na haikuungua, nendeni Makumbusho ya Karen Blixen. Ilijengwa 1912: kuta za mawe, paa la vigae, veranda ya kukalia watu. Hakuna aliyekuwa na tinti mwaka huo.

FundiVioo

Mzee, aliyeijenga nyumba hiyo alikuwa pia na ekari za kutosha kuchagua nyumba itazame wapi. Tusimdanganye mwenye 50 kwa 100.

Nataka kuongeza kuhusu kufungua, maana hata dirisha lililo kivulini likikataa kupitisha hewa ni bure. Dirisha la alumini la kusukuma linafunguka nusu tu, wakati wote nusu moja iko nyuma ya nyingine. La bawaba linafunguka lote. Mita nne za kioo kisichofunguka ndizo nazoagizwa kila wiki, na mwenye nyumba anarudi Februari kuniuliza kama naweza "kutoboa kidogo".

Usiku Nairobi ni baridi hata mwezi wa Machi. Kuta za mawe zikipata hewa ya usiku zinapoa, na kesho yake zinachelewa kupata moto. Lakini nani analala dirisha likiwa wazi Utawala? Ndiyo maana nasema weka matundu ya kudumu juu ya dirisha, yenye wavu wa mbu, na grili imara kwenye pande mbili zinazotazamana. Upepo wetu mara nyingi unatoka mashariki. Uingie huko, utokee sebuleni. Tundu la upande mmoja peke yake halivuti kitu.

Utawala_Mjengo

Nimekaa na bibi tukasoma uzi wote. Makubaliano ya sasa: sebule inabaki magharibi lakini dirisha linapungua hadi mita mbili, la bawaba, kioo kisicho na rangi, kizingiti chake cha chini kipandishwe. Mbele yake veranda ya mita 2.5. Bati kijivu hafifu. Blaindi za mianzi kwenye ukingo wa veranda kwa lile jua la saa kumi na moja na nusu. Vyumba vya kulala mashariki bila tinti.

Swali langu la mwisho: nguzo za veranda naweza kuzisimamisha juu ya sakafu ya zege ya nje ili niokoe pesa ya msingi?

Mchora_Ramani

Usithubutu. Utawala sehemu kubwa ni udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka ukikauka. Sakafu nyepesi ya nje itapanda na kushuka kwa msimu, na nguzo zitapanda nayo, huku nyumba imesimama pale pale. Ufa utauona mahali paa la veranda linapokutana na ukuta. Chimbeni udongo mweusi mpaka mwamba au udongo mgumu, nguzo zipate msingi wa kina sawa na wa nyumba. Mwambie mhandisi wako aichore sasa pamoja na nyumba. Na ukishapunguza dirisha nusu, pesa ya kioo ulichokiacha iingie humo.

Mama_wa_SouthB

Na mita 2.5 mpime kutoka kwenye kioo, si kutoka kwenye ukingo wa mfereji wa maji ya paa. Mafundi hupenda kupima mfereji.