Mabosi wangu Wachina wamepata mtoto wa kike, mbona nyumba imenyamaza hivi?

MamaShamim_Kawempe

Habari zenu wapendwa, naomba msaada kwa anayewajua Wachina vizuri. Nafanya kazi kwa familia ya Kichina hapa Kampala, kupika, kufua na usafi, bosi mwanamume yuko kwenye mambo ya ujenzi wa barabara na mkewe anashika hesabu. Sasa mama kajifungua, mtoto wa kike, wa kwanza, mzuri mashallah na nywele zimejaa kichwa kizima, lakini mi naona kama nyumba haina furaha. Kwetu nakawere, yaani mama aliyetoka kujifungua, akirudi kutoka hospitali watu wanajaa, vigelegele, huyu kaleta sukari yule kaleta kuku, hapa mlango umefungwa na mapazia yamefungwa na mgeni hata mmoja hajakanyaga na wiki ya pili hiyo inakwisha.

Mama mwenyewe hatoki chumbani. Haoshi nywele. Maji ya baridi hata ya kunawa mikono hagusi, nilimpelekea juisi ya pasheni kutoka kwenye friji, mama mkwe wake akaipokea mlangoni akairudisha jikoni bila kusema neno. Huyo bibi katoka Guangdong, kusini mwa China, kuja kusaidia. Kutwa yuko jikoni, ananunulisha tangawizi fungu zima sokoni Nakawa, anaimenya, anaiponda kwa ubapa wa kisu, anaitia kwenye siki nyeusi na sukari pamoja na mayai ya kuchemsha na miguu ya nguruwe. Mi Muislamu, sufuria hiyo siigusi na bibi analijua hilo, zangu kaziweka rafu ya juu peke yake bila mtu kumwambia, ila harufu ya siki imeingia mpaka kwenye nguo nilizoanika.

Kilichoniuma ni hiki. Nilimwambia bibi kwa ile programu ya kutafsiri kwenye simu kwamba mjukuu wako mzuri sana, akatikisa mkono haraka haraka akajibu eti hapana, kabaya tu haka. Nikanyamaza lakini moyo ulinichoma, maana nimesikia toka zamani kwamba Wachina hawataki watoto wa kike. Ni kweli? Huyu malaika atapendwa kweli humu ndani?

Na mengine mawili. Juu ya matako mtoto ana doa kubwa la bluu kama amegongwa, naogopa hata kuuliza. Halafu weupe wa macho naona una unjano, na wanamfunika blanketi mbili na joto hili. Wanasema mwezi ukitimia kuna sherehe na mi nimealikwa, niende na nini jamani?

Nesi_wa_Mbale

Dada Shamim mi naanza na macho maana hayo mengine yanaweza kusubiri. Unjano kwa kichanga ni jambo la kawaida, unaanza siku ya pili au ya tatu na kwa wengi umekwisha ndani ya wiki mbili, na watoto wa asili ya huko China wanaupata zaidi kuliko wengine. Lakini ukivuka wiki mbili lazima damu ipimwe hata kama mtoto ananyonya vizuri. Kesho mchana fungua pazia, mtazame kwenye mwanga wa dirishani, bonyeza ngozi ya kifua kidogo kwa kidole kisha achia, halafu ya miguu, uone rangi inayobaki. Unjano ukishuka mpaka miguuni au nyayo, au mtoto analala tu hataki kunyonya, au choo kimekuwa cheupe kama udongo, hiyo si ya kusubiri kesho, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na asipewe maji ya glukosi, apewe ziwa la mama mara nyingi iwezekanavyo, hata usiku wamwamshe.

Angalia pia kabati la nguo zake. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kuzuia wadudu viondoe nyumba nzima. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kinaitwa G6PD, uko mwingi kusini mwa China, Guangdong ikiwemo, na huku kwetu kwenye malaria uko mwingi pia. Mtoto mwenye hali hiyo akivuta vile vidonge au akivishwa nguo zilizokaa navyo chembe zake za damu zinavunjika na unjano unapanda ghafla. Bibi wa Guangdong huenda analijua hili kukushinda wewe na mimi, mwulize.

Doa la bluu halina shida kabisa, amezaliwa nalo. Watoto wetu weusi wanayo mengi sana, kwetu hayaonekani haraka kwa sababu ya ngozi tu. Litafifia lenyewe akikua. Blanketi ndiyo iongelewe, shika shingo yake kwa nyuma, ikiwa na jasho basi nguo zimezidi. Awe na nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, inatosha, na dirisha lifunguliwe hewa ipite.

KakaWaWuhan

Mama Shamim pole na hongera ya kulea. Nilisoma Wuhan, nikakaa nyumba moja na familia iliyopata mtoto, kwa hiyo hayo ya mapazia nimeyaona kwa macho yangu. Hapo hakuna msiba. Wanaita zuo yuezi, mama anakaa ndani mwezi mzima, wengine mpaka siku arobaini, kwa sababu wanaamini mwili uliozaa umepoteza joto na uko wazi, baridi na upepo vikiingia sasa atakuja kuumwa viungo uzeeni. Ndiyo maana juisi ya friji ilirudi. Ndiyo maana ya tangawizi. Kule kaskazini wanampa uji wa mtama mwembamba na sukari nyekundu na mayai, Guangdong ndiyo hiyo siki na miguu ya nguruwe, na sufuria hiyo bibi huanza kuiandaa kabla mtoto hajazaliwa. Wageni hawaingii kwa sababu mama na mtoto wanalindwa. Akizaliwa wa kiume mapazia ni yale yale.

Sasa kuhusu watoto wa kike sitakuficha, hukusikia uongo. Toka 1980 mpaka 2015 serikali iliwabana watu kwenye mtoto mmoja, na vijijini sehemu nyingi waliruhusiwa wa pili kama wa kwanza ni msichana, hebu fikiria hiyo inamwambia nini yule msichana. Sensa ya 2010 ilionyesha kwa kila wasichana 100 wanaozaliwa kulikuwa na wavulana karibu 118, na hiyo si kazi ya Mungu, ni watu walipima mimba wakazitoa ingawa daktari kutaja jinsia kumepigwa marufuku. Ni jambo la kusikitisha sana na mi siwezi kulipamba. Ila toka 2016 wanaruhusiwa wawili na toka 2021 watatu, na mjini wengi siku hizi wanaomba msichana waziwazi. Mwenye mtoto wa kiume ndiye anayetoa mahari, na siku hizi anatakiwa na nyumba pia, wazazi wanahangaika kweli.

Huyo bibi mwenyewe kazaa na kulea kwenye miaka hiyo migumu. Na bibi asiyemtaka mjukuu hapandi ndege kutoka Guangdong mpaka Entebbe kuja kumenya tangawizi.

Bi_Zamzam_Jinja

Mwanangu Shamim, hilo la kusema mtoto mbaya mbona na sisi tunalo? Wewe mwenyewe umeandika mzuri ukaongeza mashallah, kwa nini? Si kijicho hicho. Yeye hana mashallah, kwa hiyo anamponda mtoto kwa mdomo ili mabaya yasimwone. Wazee wao wengi ndivyo wanavyofanya, usimsifu tena mbele yake bila kumshika mkono na kucheka naye.

Sherehe ya mwezi nimealikwa kwa majirani zangu hapa Jinja. Wanagawa mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, ukipewa pokea kwa mikono miwili. Mtoto ananyolewa, kama sisi kwenye akika, ila sisi ni siku ya saba. Wewe tia pesa kwenye bahasha nyekundu, kamwe isiwe nyeupe, nyeupe ni ya mazishi. Noti iwe mpya haijakunjwa, na kiasi kisiwe na nne ndani yake. Noti ya 20,000 inafaa sana na ni nyekundu yenyewe. Saa usipeleke, nayo wanaihusisha na mazishi. Ukiwa na uwezo ongeza kitenge chekundu cha kumbebea, mama atafurahi, lakini bahasha peke yake inatosha kwa mfanyakazi na hakuna atakayekuhesabia.

MamaShamim_Kawempe

Asanteni sana sana, mmeniondolea mzigo. Bi Zamzam nimecheka kwa kweli, la mashallah sikuliwaza. Nesi, nimefungua pazia na bosi wa kike, miguu haina unjano, kifuani upo kidogo, nikamwonyesha ulichoandika kwa simu, mumewe anampeleka kesho asubuhi kupima damu. Vidonge havipo, bibi alivitupa siku aliyofika. Blanketi moja imetoka, ya pili bibi kakataa. Swali la mwisho, huko kunyoa watatumia wembe na kichwa bado laini, ni salama?

Nesi_wa_Mbale

Vizuri sana kwa kesho, mwambie baba akaulize majibu ya bilirubini, kile kitu kwenye damu kinacholeta unjano, na ayaandike. Kunyoa ni salama wembe ukiwa mpya, umefunguliwa hapo hapo, anayenyoa kanawa kwa sabuni, na nywele zilowanishwe kwanza kwa maji ya vuguvugu. Pale utosini pasikandamizwe, kama mkono wa mnyoaji hautulii watumie mashine au wakate kidogo tu kwa mkasi, wengine wanafanya hivyo na sherehe inaendelea. Na chanjo ya wiki sita isipite, waje na kadi.