Pedali ya piano kwenye laptopu: ama sauti zavuma zote, ama zakatika ghafla. Nifanyeje?

KinandaTudor
Salaam wote, wa asalamu alaikum na wa bwana asifiwe.

Napiga kinanda kanisani huku Tudor, Mombasa. Miaka yote nimezoea kibodi, lakini tangu Januari kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, ananiachia nifanye mazoezi kwenye piano yake ya nyuzi. Ndipo nikajua kumbe mguu nao unapiga muziki. Ukikanyaga pedali ya kulia nusu, vile vizimio vya sufu vinazigusa nyuzi bila kuzibana, na sauti inabaki nyuma kama harufu ya udi baada ya chetezo kutolewa chumbani. Ukishindilia mpaka chini, kila kitu kinavuma.

Nyumbani nina laptopu, kibodi ya USB ya funguo 61, na pedali niliyonunua shilingi 1,800. Programu ya kutoa sauti ni FluidSynth, na saundifonti (faili ya sauti zilizorekodiwa) ya piano. Hapo hakuna nusu. Nakanyaga polepole, kimya, kimya, halafu ghafla bomba limefunguka. Nikiachia, kama stima imepotea. Zile nyimbo za polepole ambazo noti ya besi inabaki chini huku kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinabadilika juu yake, zinakuwa uji mtupu.

La pili. Jumapili nilikuwa na ogani chaneli 1, piano chaneli 2 (chaneli ni njia, kila sauti na yake). Nikahamia piano mguu ukiwa bado chini. Ogani ikaendelea kulia, nikainua mguu, bado inalia. Nikabonyeza kitufe cha kuzima noti zote, haikusikia. Mchungaji akageuka akanitazama, nanyi mwajua mtazamo ule.

Kuna mtu kaniambia ni RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya laptopu ni ndogo, ninunue nyingine. Kweli?

MwanaKongowea
RAM haiingii hapo, yakhe. Weka pesa yako.

FundiWaya
Kaka, anza na mguu kabla hujalaumu programu. Pedali ya bei hiyo ni swichi tu. Ifungue chini utaona vipande viwili vya chuma, vimegusana au havijagusana, basi. Pedali ya kusoma nusu ina kitu kinachozunguka kama kile cha sauti ya redio, na plagi yake kwa kawaida ina pete mbili nyeusi, si moja. Na kibodi nayo lazima iwe na tundu linaloelewa pedali ya aina hiyo. Nyingi za bei nafuu hazielewi.

Weka programu yoyote ya kuonyesha ujumbe wa MIDI (lugha ya namba ambayo kibodi inaongea na kompyuta), kanyaga polepole, tazama kontrola namba 64, ile ya pedali, inatoa namba gani.

Halafu usiwashe kibodi mguu ukiwa juu ya pedali. Vibodi vingi vinapowaka husoma hali ya pedali na kudhani hiyo ndiyo "imeachiwa". Ukiinua mguu, mambo yanageuka: kuachia ndiyo kukanyaga. Nimeletewa pedali tatu "mbovu" za namna hiyo mwaka huu. Moja tu ndiyo ilikuwa mbovu kweli, chumvi ya bahari imekula vile vyuma, mwenyewe akaa Nyali karibu na ufuo.

KinandaTudor
Nimejaribu. Naona 0 na 127 tu. Hakuna chochote kati.

BintiMvita
Basi FundiWaya amekwisha kukujibu nusu, ngoja nikupe nusu ya pili, maana hata ukinunua pedali nzuri FluidSynth haitakufurahisha.

MIDI ni ya mwaka 1983. Pedali ya kulia ikapewa kontrola 64, na kanuni ikawa 0 mpaka 63 imeachiwa, 64 mpaka 127 imekanyagwa. FluidSynth inafuata hilo neno kwa neno. Pedali yako ikituma 40 au 63, kwake ni sawasawa na sifuri. Ndiyo maana sauti inafunguka kama bomba: kuna mstari mmoja, na umeuvuka.

Programu nyingine zinazitumia namba za katikati. Pianoteq haichezi rekodi, inapiga hesabu ya nyuzi zenyewe, kwa hiyo kizimio kinachogusa kidogo inakijua. Ya kulipia hiyo. Ukitaka ya bure, chukua piano ya SFZ (aina nyingine ya faili ya sauti) kama Salamander, ile iliyorekodiwa kutoka piano ya Yamaha C5 kwa ngazi 16 za nguvu ya kidole. SFZ ni faili ya maandishi, unaweza kuifungua na kuiambia kontrola 64 irefushe muda wa sauti kufifia badala ya kuishikilia. Si nusu pedali halisi. Kwa kawaida muda huo unasomwa pale kidole kinapoinuka, ukirudisha mguu baadaye sauti haikufuati. Piano ya mama ukiirudia pedali haraka inaudaka mkia wa sauti. Hapa umeshaondoka.

Ogani yako: ulipohama chaneli, ujumbe wa kuinua mguu ulikwenda chaneli 2. Chaneli 1 bado inaamini umekanyaga. Kile kitufe kilituma kontrola 123, nayo 123 ni kama kuinua vidole vyote, pedali inaiheshimu. Tuma 121 kwenye chaneli ile, inarudisha pedali kwenye sifuri. Ikikataa, 120 inanyamazisha papo hapo.

Sasa swali langu. Hiyo besi inayobaki chini ya kodi, una hakika unahitaji nusu pedali? Hiyo ni kazi ya pedali ya kati, kontrola 66. Inashikilia zile noti tu ambazo vidole vimezibonyeza wakati unakanyaga, zinazofuata zinapita zao. Yenyewe ni ya kuwaka na kuzima, swichi yako ya 1,800 yatosha, na FluidSynth inaielewa. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, badilisha namba ya pedali kutoka 64 iwe 66.

AkodianiYaBaba
Mimi napiga taarab arusini, pedali nimeiacha nyumbani mwaka wa tano huu. Vidole vyatosha. Lakini endeleeni, nasoma.

KinandaTudor
Dada BintiMvita, mara ya kwanza nilidhani umenidanganya. Nilikanyaga kwanza ndipo nikapiga besi, haikushika kitu. Nikarudi kusoma tena: besi kwanza, kidole bado kiko chini, kanyaga, ndipo uinue kidole. Ikabaki! Kodi tatu zimepita juu yake, safi, kila moja na nafasi yake.

Leo jioni nikakimbilia kwa mama kuijaribu kwenye piano halisi. Nikakanyaga ya kati, kikashuka kitambaa kirefu mbele ya nyuzi, sauti ikawa kama mtu anayenong'ona blanketi mdomoni. Mama akacheka. Anasema ndiyo ilivyo kwenye piano nyingi za kusimama, ya kati ni ya kutowaamsha majirani.

Kibodi yangu ina tundu moja tu, kwa hiyo nyimbo za polepole ni 66, zilizobaki narudisha 64. Mwenye kibodi ya matundu mawili anayetaka kuuza, niko Tudor.

FundiWaya
Usinunue kabla sijaitazama.