Kurambaza samoni Ziwa Ontario: kioo kinaonyesha samaki, lakini chambo hakiguswi

Mkerewe wa Syracuse:

Salaam, ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe na huu ni mwaka wangu wa nne hapa Syracuse, jimbo la New York. Mwaka jana tulishirikiana na shemeji yangu kununua boti kuukuu ya futi 19, na tangu mwezi Juni tumetoka bandari ya Oswego mara saba kwenda kurambaza samoni, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayotembea polepole, kama wavuvi wa pwani wanavyowatafuta nguru na jodari. Katika safari zote saba tumeambulia trauti wa ziwa (samaki wa jamii ya samoni) mmoja tu, tena siku ambayo chubwi liligusa tope kwa bahati mbaya.

Tuna winchi mbili za kushushia chubwi, kila moja ikiwa na tufe la risasi la kilo 4.5, na mshipi hubanwa kwenye kibanio kilicho juu ya tufe ili samaki akivuta uchomoke. Tunaburuta vijiko vya chuma, yaani chambo bandia chenye umbo la kijiko, kwenye kina cha mita 8 hadi 10, mahali ambapo ziwa lina kina cha mita 40, kwa mwendo wa maili 2 kwa saa kwa kipimo cha GPS. Kioo cha kutazamia samaki kinaonyesha alama nzuri kwenye mita 25, lakini tukishusha chambo hadi huko hakuna kinachotokea. Muuzaji wa vifaa alitueleza kwamba tatizo ni rangi, tukatoka dukani kwake na vijiko 12 vya rangi 12, na hali ni ile ile. Tunakosea wapi?

Mzee wa Tanga:

Kwanza, hivyo vijiko 12 viwekeni kando, kwa maana rangi huja baada ya mambo mengine yote kuwa sawa.

Ziwa ulilokulia na ziwa unalovua sasa hazifanani hata kidogo. Ziwa Victoria ni kubwa zaidi ya mara tatu kwa eneo, lakini kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80, na maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima. Ontario linafika mita 244 kwenda chini, na wakati wa joto maji yake hujipanga kwa matabaka: juu hukaa maji mepesi yenye nyuzi 20 au zaidi, chini kabisa hubaki maji mazito ya nyuzi 4 au 5, na katikati upo ukanda mwembamba ambamo joto hushuka ghafla ndani ya mita chache tu. Samoni chinuki hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, kwa hiyo mwezi Julai, mnapoburuta kwenye mita 8, chambo chenu kinapita juu ya paa la nyumba ilhali wenyewe wamo ndani.

Ukanda huo haukai mahali pamoja. Oswego iko upande wa kusini wa ziwa, na upepo wa mashariki ukivuma hapo siku mbili mfululizo huyaondoa maji ya juu ufukoni, kwa sababu mzunguko wa dunia huyapindisha kuelekea kulia mwa upepo, na maji baridi hupanda kushika nafasi yake. Upepo wa magharibi hufanya kinyume: huyarundika maji ya joto kwenu na kuushindilia ukanda chini. Ndiyo maana mtu aliyefanikiwa Jumamosi kwenye mita 15 anaweza kurudi Jumatano akatafuta maji yale yale na kuyakuta mita 30. Nunueni kipimajoto kinachofungwa kwenye waya wa winchi, hata kama itabidi muuze hivyo vijiko.

Tena, namba inayosomeka kwenye winchi ni urefu wa waya uliotoka, wala si kina. Boti ikiwa katika mwendo, maji hulisukuma tufe nyuma na waya hulala, hivyo waya wa mita 30 haukufikishi mita 30. Tazameni pembe ya waya pale unapoingia majini. Mimi nikipita mita 20 hubadilisha na kuweka tufe la kilo 5.5.

Bibi wa Rochester:

Shikamoo, Mzee wa Tanga. Kuhusu joto sina ubishi, lakini hawa ndugu zetu wamesema kwamba walishusha chambo hadi mita 25 penye alama na bado hawakupata kitu, na hapo mimi naulaumu mwendo.

Kaka, GPS inapima mwendo wa boti yako juu ya ardhi, na haijui kama huko chini kuna mkondo. Maili 2 unazozisoma zinaweza kuwa maili 1 kwenye tufe mkiwa mnafuatana na mkondo, na kijiko kikienda hivyo hakichezi, kinaning'inia tu kama funguo msumarini. Mkigeuza boti na kuukabili mkondo, maili zile zile 2 zinaweza kuwa 3 huko chini. Trauti wa ziwa hajali sana, kwani yeye hukaa karibu na sakafu, kwenye maji ya baridi zaidi, na hupenda mwendo wa pole. Bila shaka ndiyo sababu mlimpata yeye siku mlipogusa tope. Chinuki anataka kitu kinachokimbia. Anzeni na maili 2.3 na msiogope kufika 2.8.

Kama hamna chombo cha kupima mwendo kwenye tufe, tumieni kona. Boti ikipinda, chambo cha upande wa nje huongeza mwendo na cha upande wa ndani hupunguza. Ikiwa fimbo ya kuvulia ya upande wa nje ndiyo iliyovutwa na samaki, mnatembea polepole mno. Ikiwa ni ya ndani, punguzeni. Mimi mara nyingi sikati mstari ulionyooka, naandika S kubwa ziwani mpaka samaki wenyewe waniambie. Upande mmoja ondoeni kijiko, mfunge kibapa cha plastiki kinachong'aa, na nyuma yake, kama sentimita 60, usinga wenye ndoano. Mishipi yote iwe majini kabla ya kupambazuka, kwa kuwa jua likishapanda chinuki huzama na kununa.

Mpita Njia, Hamilton:

Nami naongeza dogo. Si kila alama kwenye kioo ni samoni. Mawingu yanayoonekana katikati ya maji aghalabu ni alewaifu, samaki wadogo wa rangi ya fedha ambao ukiwaona utadhani ni dagaa walionenepa, na hao ndio chakula kikuu cha chinuki. Mtu wa Ukerewe ataielewa hadithi hii haraka: alewaifu walijaa katika maziwa haya, ndipo mwaka 1966 jimbo la Michigan likaanza kupandikiza samoni koho wa Bahari ya Pasifiki katika Ziwa Michigan, chinuki wakafuata mwaka 1967, na Ziwa Ontario nalo likapandikizwa muda mfupi baadaye. Ni kama sangara aliyeletwa Ziwa Victoria akawala samaki wa asili, ingawa huku aliyeliwa, alewaifu, ni mgeni mwenzake. Kwa hiyo msiburute ndani ya wingu, piteni kando yake na chini yake kidogo.

Mkipata, ondoeni ngozi na mafuta ya tumboni na mgongoni kabla ya kupika, kwa sababu kemikali za viwanda vya zamani hukusanyika kwenye mafuta, hasa kwa samaki wakubwa. Idara ya afya ya jimbo hutoa ushauri wa kiasi cha kula, na kwa wanawake wenye umri wa kuzaa na watoto ushauri huo ni mkali zaidi.

Mkerewe wa Syracuse:

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Tulitoka Jumamosi, upepo ukiwa wa mashariki tangu Alhamisi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 19 kwenye mita 9, na kwenye mita 17 kikasoma nyuzi 12, tukaweka tufe moja hapo na jingine mita 3 chini yake. Kwa maili 2 hakuna kilichotokea. Tulipopinda kulia, fimbo ya kushoto iliyokuwa imeinama ilinyooka ghafla, na kabla sijaifikia ikainama tena hadi majini huku mshipi ukilia. Huyo alikata na kwenda zake. Tukapanda hadi maili 2.5 na kabla ya saa mbili asubuhi tukaingiza mmoja kwenye wavu, wa kilo 3 na ushei.

Sasa tunabishana. Shemeji anasema ni trauti, mimi nasema ni samoni. Kinywa chake ni cheusi ndani, ila ufizi pale meno yanapoota ni mweupe, na mkia una madoa sehemu ya juu tu.

Mzee wa Tanga:

Huyo ni koho, shemeji ameshindwa. Chinuki ufizi wake ni mweusi wote na madoa yake yanafika sehemu zote mbili za mkia. Trauti wa upinde ana kinywa cheupe ndani na madoa mkia mzima. Na yule trauti wa ziwa mliyempata mwanzo mkia wake umegawanyika kama panda ya mti, na madoa yake ni meupe juu ya mwili wa kijivu. Lijifunzeni hilo kabla ya safari ijayo, kwa kuwa kanuni za jimbo haziwahesabu samaki hawa wote kwa namna moja.

Huyo aliyekata, mlikuwa mmefunga mshipi wa kuhimili uzito gani, na breki ya gurudumu la kukunjia mshipi mlikuwa mmeikaza kiasi gani?