Kijana wangu ana ADHD (shida ya kutulia na kumakinika), kila jioni anawaka hasira

Mama Tasha, Kondele:
Jamani, naombeni ushauri. Kijana wangu wa Gredi 5 humeza methilfenideti, dawa ya ADHD, asubuhi, na walimu wanamsifu. Ikifika saa kumi na moja jioni, dadake akigusa kalamu yake tu, daftari linarushwa, mlango unapigwa teke. Baadaye analia akiniomba msamaha. Shemeji anasema nimchape. Sitaki kabisa.

Baba Ochi:
Pole sana mama. Usimchape. Dawa hiyo hufanya kazi kwa muda wa saa kadhaa tu. Ikiisha mwilini, watoto wengine huwa wakali kuliko kawaida. Andika saa aliyomeza na saa aliyolipuka, umwonyeshe daktari. Usibadilishe kipimo mwenyewe.

Nyar Kisumo:
Mchana anakula? Dawa hiyo hukata hamu ya chakula. Wangu akitoka shule ni uji na nduma kwanza, kisha mpira nje. Kazi ya ziada baadaye. Akiwaka, usimhubirie, hasikii. Mwondoe dadake, ongea kidogo, kwa sauti ya chini.

Mama Tasha:
Kumbe! Githeri ninayompakia hurudi vilevile, nikidhani ni kudeka. Kliniki ni Alhamisi, naanza kuandika leo. Asanteni.