Kidole cha mguu: kimevunjika au kimeteguka?

Muuza viazi, Uyole: Wakuu, jana gunia limeniangukia mguuni. Kidole cha mwisho kimevimba, cheusi tii, gambuti halivaliki. Bibi anataka nikachuliwe. Niende?

Jirani wa Mwanjelwa: Usichuliwe, dada! Mfupa ukiwa umevunjika, utausogeza. Weka pamba katikati, kifunge na kidole jirani kwa plasta, isibane. Barafu ndani ya kitambaa dakika 15, mguu juu ya mto. Kupona ni wiki 4 hadi 6, na viatu vya wazi kwa baridi hii, pole.

Mtu wa Tukuyu: Kikipinda, kikifa ganzi, au kingekuwa kidole gumba, kapige eksirei. Una kisukari?

Muuza viazi: Sina. Ila damu inatoka chini ya kucha.

Mtu wa Tukuyu: Basi hospitali leo leo, uulizie na sindano ya pepopunda.