Marekani: mipaka ya shule inabadilishwa. Tuhame sasa au tusubiri kura ya bodi?

mama_wawili

Wakuu, habari za saa hizi. Wilaya yetu ya elimu imetoa rasimu tatu za mipaka mipya ya shule. Kwenye rasimu mbili, mtaa wetu unapelekwa sekondari nyingine, lakini shule ya msingi na ya kati (middle school, inayotangulia sekondari ya darasa la 9) zinabaki zilezile. Bodi inapiga kura baada ya miezi minne, na mipaka inaanza kutumika mwaka wa masomo ujao. Watoto ni wawili, mmoja yuko darasa la 7 na mdogo wake la 3. Nyumba tunalipia mkopo wenye riba ya asilimia 3. Ndani ya eneo la sekondari tunayoitaka kuna nyumba inauzwa, na dalali anasema tusichelewe. Naomba mnaoifahamu kazi hii mnieleze tuangalie nini kabla ya kuamua, na watu hukosea wapi.

mchora_ramani

Mama, usisaini chochote kabla ya kura. Rasimu huwekwa hadharani ili zikosolewe na kurekebishwa, na mitaa ya pembeni kama wako ndiyo inayohamahama kutoka rasimu moja hadi nyingine.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Wapangaji wanaigawa wilaya nzima katika vipande vidogo, kila kipande na idadi ya wanafunzi wake. Kisha wanavihamisha kimoja kimoja hadi kila shule ifikie kiwango kinachotakiwa, ambacho kwa wilaya nyingi ni kati ya asilimia 80 na 100 ya nafasi. Sekondari ya nafasi 1,600 yenye wanafunzi 1,900 imefika asilimia 119, kwa hiyo lazima wanafunzi 300 hivi watafutiwe pengine. Wa kwanza kuguswa ni wanaokaa ukingoni na tayari wanapanda basi, kwa kuwa basi litageuzwa tu njia. Wanaotembea kwa miguu huguswa mara chache sana, maana kumhamisha mtoto wa miguu ni kumnunulia kiti kipya cha basi kila mwaka.

Sasa ichukue nyumba hiyo inayouzwa uipime kwa kipimo hichohicho. Iko umbali wa miguu kutoka sekondari, au iko ukingoni mwa eneo lake? Kama ni ukingoni, mnanunua tatizo lilelile kwa bei kubwa zaidi. Mipaka haichorwi mara moja ikaisha. Kaunti ya Fairfax kule Virginia, kwa mfano, ilibadilisha sera yake mwaka 2024 ili mipaka ya shule zake ikaguliwe kila baada ya miaka mitano. Mtoto wa darasa la 3 ana miaka tisa na zaidi mbele yake kabla ya kumaliza, kwa hiyo anaweza kukutana na ukaguzi mwingine akiwa bado shuleni. Angalia pia vibali vya ujenzi karibu na shule hiyo. Mradi wa nyumba mia kadhaa unaopanda leo ni msongamano wa kesho.

Jingine, una hoja nzito mkononi. Mkibaki shule ya kati ileile kisha mkatawanyika sekondari, watoto wa mtaa wenu watatengana na wenzao. Bodi nyingi zinakwepa mgawanyiko wa namna hiyo, hasa kundi linalotengwa likiwa dogo. Omba ofisi ya mipango ikupe idadi: katika kila darasa la shule ya kati, ni wangapi wangekwenda sekondari nyingine? Wakiwa 12 kati ya 200, andika namba hiyo kwenye maoni yako, taja rasimu kwa herufi au namba yake, na pendekeza kipande gani kibaki wapi. Ukiandika tu kwamba tunaipenda shule yetu, maoni yako yatahesabiwa na kuwekwa kando. Namba na ramani ndizo zinazobadilisha mstari.

hesabu_za_nyumba

Niongeze upande wa fedha, maana hapa ndipo familia huumia kimyakimya.

Tuseme mkopo ni dola 300,000 wa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 3, malipo ya mwezi bila kodi na bima ni dola 1,265. Mkopo wa kiasi kilekile kwa asilimia 6.5 ni dola 1,896. Tofauti ni dola 631 kwa mwezi, zaidi ya 7,500 kwa mwaka, na bado hujapata hata chumba kimoja cha ziada. Riba ya asilimia 3 ni ya kipindi ambacho hakijarudi: Januari 2021 wastani wa Freddie Mac, kampuni kubwa ya Marekani inayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, kwa mikopo ya miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65, wa chini kuliko yote katika rekodi zao. Juu ya hapo weka gharama za kufunga mauzo upande wa mnunuzi, kwa kawaida asilimia 2 hadi 5 ya mkopo, pamoja na kamisheni ya dalali mnapouza hiyo ya sasa.

Kwa kuwa mnabaki wilaya ileile ya elimu, mabadiliko ya mpaka wa shule peke yake hayagusi kodi ya majengo. Ukivuka kwenda wilaya nyingine, hesabu ya kodi inaanza upya.

Na jina la shule lililoandikwa kwenye tangazo la nyumba si dhamana. Tovuti za mauzo huchukua ramani ya sasa, wakati mwingine hata ya zamani. Andika barua pepe kwa ofisi ya mipaka ya wilaya, taja anwani kamili, uliza: “Mtoto atakayeingia darasa la 9 mwaka fulani akiishi hapa atapangiwa sekondari ipi, na anwani hii imo kwenye rasimu yoyote ya mabadiliko?” Jibu lao litunze. La dalali kwa simu halitakusaidia.

dawati_la_uandikishaji

Hapo kwenye umri wa watoto pana mtego ambao haujatajwa. Wilaya nyingi huruhusu wanafunzi waliokwisha kuanza shule wamalizie hapohapo, hasa walio darasa la mwisho au la kabla yake. Mkubwa wako mipaka ikianza atakuwa darasa la 8, bado hajaingia sekondari, kwa hiyo kifungu hicho hakimhusu. Soma maneno yenyewe ya azimio, kwani kuna bodi zinazochelewesha utekelezaji kwa darasa moja moja na huenda akaokolewa hapo. Uliza na usafiri pia: anayeruhusiwa kubaki mara nyingi hapewi basi, na mdogo wake hapati nafasi kwa sababu tu kaka au dada yupo.

Njia nyingine ni kuomba uhamisho wa ndani. Dirisha la maombi hufunguliwa wiki chache tu kwa mwaka, fomu ni moja kwa kila mtoto, na shule iliyojaa huwa haipokei. Kama anacheza timu ya shule, uliza kwanza: katika majimbo mengi anayehama shule bila familia kuhama anaweza kukaa nje ya mashindano hadi mwaka mzima. Kama mtoto ana IEP, yaani mpango maalumu wa elimu kwa mwenye ulemavu, uliza kama huduma yake inatolewa katika shule hiyo, kwani baadhi ya programu ziko kwenye shule chache tu.

Tafadhali msitumie anwani ya ndugu. Wilaya hukagua, mtoto huondolewa katikati ya mwaka, na mzazi anaweza kudaiwa ada ya muda wote aliosoma. Ila familia iliyolazimika kuishi kwa watu kwa kukosa uwezo ina haki yake chini ya McKinney-Vento, sheria ya taifa kuhusu wanafunzi wasio na makazi: mtoto anaandikishwa papo hapo hata karatasi zikiwa pungufu, na anaweza kubaki shule yake ya awali. Na hakuna shule ya umma inayoweza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler v. Doe.

mama_wawili

Asanteni sana, nimeandika yote. Nyumba hiyo kwenye ramani iko maili 1.2 kutoka sekondari. Hiyo ni ya miguu?

mchora_ramani

Usipime kwa mstari ulionyooka. Wilaya hupima kwa njia ya kutembea, kutoka nyumbani hadi lango la shule, kwa hiyo maili 1.2 angani zinaweza kuwa 1.9 kwa barabara. Kikomo cha sekondari hutofautiana, mara nyingi ni kati ya maili 1.5 na 2. Tazama pia kama pana barabara kuu au reli isiyo na kivuko salama, kwani hapo watoto hupewa basi hata wakiwa karibu. Omba ramani ya usafiri, siyo ya mipaka. Nyumba ikiwa kwenye ramani hiyo imo ndani ya rangi ya wanaopanda basi, ihesabu kuwa ya ukingoni.